Alamu Inasumbua? Fungua Daftari Kabla ya Bisibisi

Mtu akiniita kwa sababu alamu inamsumbua, mkoba wa vifaa nauacha mlangoni. Naomba vitu viwili kwanza: orodha ya watu wenye namba za siri, na ramani ya vihisi. Mara nyingi havipo vyote viwili. Orodha imo kichwani mwa mtu aliyehama siku nyingi, na ramani ni yale majina ya kiwandani ya zoni, yaani sehemu zinazolindwa, "Zoni 01" hadi "Zoni 16", ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha. Kosa linaloonekana leo kama betri iliyokwisha au kihisi kilichochoka, mara nyingi lilizaliwa hapo, siku ya kufunga.

Jambo dogo la maneno kabla hatujaendelea. Nitasema "kutega" alamu na "kuitegua", wala si "kuwasha" na "kuzima". Paneli, yaani kisanduku kinachoongoza mfumo wote, huwa hai saa zote. Hata ikiwa imeteguliwa, kihisi cha moshi na kitufe cha dharura bado vinafanya kazi, na aliyedhani kila kitu kimezimwa hushtuka ving'ora vikilia mchana kweupe kwa sababu ya sufuria iliyoungua.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye kumbukumbu ya matukio. Karibu kila paneli huiweka, ikiandika saa, zoni na namba ya mtumiaji. Tazama hii:

18:02 Imetegwa, Mtumiaji 01
18:40 Imeteguliwa, Mtumiaji 01
18:55 Imetegwa, Mtumiaji 01
02:11 Zoni 04, alamu
02:13 Imeteguliwa, Mtumiaji 01
02:13 Zoni 09, betri dhaifu

Mwenye jengo aliniita kwa ajili ya ile Zoni 04. Mimi jicho langu lilikwenda kwenye ule 01 unaojirudia. Watu sita walikuwa wanatumia namba moja, tena namba kuu, ile inayoweza kuongeza na kufuta watumiaji. Nani alirudi saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni na kuacha dirisha wazi? Kumbukumbu haina jibu, kwa hiyo hata Zoni 04 siwezi kuihukumu. Tulianza na watu, vihisi vikafuata.

"Namba yangu jana ilikubali, leo inakataa"

Uliza kwanza inakataa vipi. Ikiwa kibao cha namba hakijibu kitu kwa yeyote, huenda kimejifunga baada ya mtu kukosea mara kadhaa. Kiache dakika chache kipumzike. Kuendelea kubonyeza kwa hasira huongeza muda wa kifungo kwenye baadhi ya aina.

Ikiwa kinakataa namba ya mtu mmoja tu na za wengine kinazikubali, angalia ratiba yake. Namba ya mtu wa usafi, kwa mfano, huwekewa saa: asubuhi inafanya kazi, usiku haifanyi. Hapa kuna mtego unaotupata sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Mtu anaambiwa "mruhusu kuanzia saa mbili asubuhi", anaingiza 02:00. Paneli haijui saa zetu. Kwake hiyo ni saa nane usiku. Alitakiwa kuandika 08:00. Tofauti ikiwa ni saa sita kamili, usitafute tena, umeshalipata.

Saa ya paneli yenyewe nayo iangalie. Umeme ukikatika na betri ya akiba ikawa imekufa, baadhi ya paneli huamka na tarehe ya miaka iliyopita na saa 00:00. Kuanzia hapo ratiba zote zimevurugika: anayeruhusiwa mchana anakataliwa, na usiku mlango uko wazi kwake. Ukirekebisha saa tu na kuondoka, umetibu homa ukaacha malaria. Pima ile betri ya akiba. Paneli nyingi zenye kisanduku kikubwa hutumia ya risasi ya volti 12, na kwa kawaida baada ya miaka mitatu hadi mitano huwa imechoka, hata kama kipimo kinaonyesha volti nzuri wakati umeme upo. Ng'oa umeme, acha paneli iende na betri kwa muda, kisha pima tena. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza.

Namba mpya ikikataliwa wakati wa kuisajili, shuku mgongano. Baadhi ya paneli hutengeneza zenyewe namba ya kushurutishwa, yaani ile unayoingiza mhalifu akiwa amekusimamia: alamu inateguka kama kawaida, lakini ishara ya kimyakimya inakwenda kwa walinzi. Njia moja inayotumika ni kuongeza moja kwenye tarakimu ya mwisho. Ukiwa na 4471, basi 4472 ni ya kushurutishwa. Sasa mtu anapenda kugawa namba kwa mpangilio, 4471 kwa baba, 4472 kwa mama, 4473 kwa mtoto. Paneli yenye akili inakataa. Isiyo na akili inakubali, na kila mama akirudi nyumbani walinzi wanakuja mbio. Usigawe namba zinazofuatana, hata kama paneli yako haina utaratibu huo.

"Alamu imeteguliwa na kila mtu anasema si yeye"

Dawa hapa ni kugawa upya: mtu mmoja, namba moja, jina moja kwenye daftari. Namba kuu abaki nayo mtu mmoja au wawili, nao pia wawe na namba ya kawaida ya kila siku, ili ile kuu isibonyezwe mbele za watu. Mgeni wa siku tatu apewe namba yenye tarehe ya kufa. Mtu wa usafi apewe eneo lake tu, ikiwa paneli inaweza kugawa jengo katika maeneo, stoo haimhusu.

Chunguza vitufe vya kibao kwa tochi, ukiangaza kwa ubavu. Niliwahi kukuta vitufe vinne vinang'aa kama vimepakwa mafuta na vingine sita vina vumbi. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Mwizi akishajua ni tarakimu zipi nne, na kila moja inatumika mara moja, imebaki 24. Hiyo ni kazi ya kumaliza wakati chai haijapoa, kama kibao hakijifungi. Watumiaji wakiwa na namba tofauti, vitufe vinachakaa vyote na siri inajificha yenyewe. Tarakimu sita zinaleta michanganyiko 1,000,000, na kama paneli inaruhusu, mimi huziweka bila kuuliza.

Rimoti ihesabiwe kama mtu. Iandikie namba yake kwenye daftari na kwa ndani ya kifuniko chake, ili ikipotea ufute hiyo moja. Nimeona mafundi wakifuta rimoti zote nane kwa sababu hawakujua iliyopotea ni ya tatu.

Halafu kuna namba ya fundi. Ile ya kiwandani imechapishwa kwenye kijitabu cha maelekezo, na kijitabu kiko kwenye intaneti kwa yeyote. Ibadilishwe, na mwenye jengo apewe kwa bahasha. Fundi anayegoma kukupa namba ya fundi ya paneli uliyoilipia anajihakikishia kazi ya kesho, maana kwenye baadhi ya paneli bila namba hiyo hakuna namna ya kuongeza hata kihisi kimoja.

Usisahau orodha ya pili, ile ya programu ya simu. Kwenye mifumo mingi watumiaji wa kibao na watumiaji wa simu ni orodha mbili zisizojuana. Mfanyakazi ameondoka, namba yake imefutwa ukutani, lakini simu yake bado inategua alamu akiwa popote duniani. Kumbukumbu itaandika "imeteguliwa kwa mbali", na nyinyi mnabaki kumshuku mlinzi.

"Inalia ninapoingia, kabla sijafikia kibao"

Hili ndilo tatizo ninalolipenda, kwa sababu anayelaumiwa karibu kila mara hana hatia. Mpangilio wa kawaida ni huu: mlango mkuu una muda wa kuingia, tuseme sekunde 30. (Kiwango cha Ulaya, EN 50131-1, kinaweka kikomo kwenye sekunde 45.) Kihisi cha mwendo cha ukumbini kimewekwa kama zoni inayofuata mlango: mlango ukifunguka kwanza, nacho kinasubiri, kikiona mtu bila mlango kufunguka, kinalia papo hapo, maana huyo amepita dirishani.

Sasa kihisi cha mlango kikishindwa kufikisha habari, iwe ni kwa betri, umbali au sumaku iliyosogea, paneli haijui kwamba mlango umefunguka. Mwenye nyumba anaingia, kihisi cha ukumbini kinamwona, king'ora. Kumbukumbu inaandika zoni ya ukumbini, fundi anabadilisha kihisi cha ukumbini, kesho inalia tena. Soma mpangilio wa mistari. Kabla ya alamu, je, kuna mstari wa mlango kufunguka? Kama haupo, kiache cha ukumbini, nenda mlangoni.

Sababu nyingine ni ya watu: kuna anayeingilia mlango wa nyuma, na ule umewekwa kama zoni ya papo hapo. Hakuna kifaa kibovu. Aidha mpe mlango wa nyuma muda wake, au mweke kibao au rimoti upande huo, au mkubaliane njia ni moja. Kabla ya kufunga mfumo wowote huwa naomba kila mkazi anionyeshe kwa miguu anavyoingia usiku akiwa na mzigo mikononi. Njia wanayoitaja kwa mdomo na ile wanayopita hazifanani.

"Paneli inasema kihisi kimepotea"

Kihisi kisichotumia waya hutuma salamu kila baada ya muda, cha aina moja kila dakika chache, cha aina nyingine kila saa au zaidi: bado nipo, betri ni kiasi hiki. Paneli ikikosa salamu kwa saa kadhaa, inatangaza kimepotea. Kwa hiyo taarifa ya asubuhi inaweza kuwa ni ya tukio la jana jioni. Uliza nini kilibadilika jana.

Kisha hesabu vimepotea vingapi. Vyote kwa mkupuo: tatizo ni la paneli, antena yake, au kuna kitu karibu kinachomwaga kelele kwenye masafa yaleyale ya redio, na pengine mtu anafanya hivyo makusudi. Vya upande mmoja wa jengo: kuna kitu kimeingia katikati ya njia. Kimoja peke yake: kikague chenyewe.

Wanaoziba njia ni chuma na maji. Friji jipya, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia (nyuma yake kuna utando wa madini), tangi la maji, dari yenye karatasi inayong'aa kama fedha ya kuzuia joto. Mlango wa chuma una dhambi mbili: unazuia mawimbi na unadhoofisha sumaku. Weka kipande cha plastiki cha milimita kadhaa kati ya kihisi na chuma, na utashangaa.

Kabla ya kununua kikuza mawimbi, jaribu kusogeza. Mawimbi yanayoakisiwa na kuta hugongana na yale yaliyokuja moja kwa moja, na kuna sehemu yanauana. Kwenye MHz 433 wimbi lina urefu wa kama sentimita 69, kwenye MHz 868 ni kama 35. Robo ya wimbi, yaani sentimita 17 au 9, inaweza kukutoa kwenye shimo la ukimya hadi kwenye mawimbi mazuri. Tumia hali ya kupima mawimbi ya paneli yenyewe, milango ikiwa imefungwa kama inavyokuwa usiku. Kipimo cha mlango wazi kinakudanganya. Na ikibidi kuweka kikuza mawimbi, hakikisha kina betri yake ndani, la sivyo umeme ukikatika unapoteza nusu ya nyumba wakati unapoihitaji zaidi.

Kihisi kipya kinachogoma kabisa kusajiliwa huenda ni cha masafa mengine. Vinavyouzwa Ulaya vingi ni vya MHz 433 au 868, na Marekani Kaskazini utakuta 319.5 na 345. Umbo ni lilelile, sanduku ni lilelile, namba ndogo mgongoni ndiyo inayotofautiana. Hakuna mpangilio wa kwenye menyu utakaowapatanisha.

"Betri zinaisha upesi mno"

Kihisi cha mwendo kikielekezwa kwenye korido inayopitwa kutwa nzima kinafanya kazi hata alamu ikiwa imeteguliwa. Ndiyo maana vingi hulala dakika tatu hivi baada ya kuona mtu, vikisubiri utulivu. (Na ndiyo maana mtu anayepunga mikono mbele yake kwa kujaribu anasema kimekufa. Toka chumbani, subiri, rudi. Au tumia hali ya majaribio.) Mawimbi dhaifu nayo hula betri, kwa vihisi vinavyorudia ujumbe hadi vijibiwe.

Betri za lithiamu kama CR123A hushikilia volti 3 zake karibu hadi mwisho, kisha huporomoka ghafla. Onyo likitokea, badilisha wiki hiyohiyo. Zile za kuchaji zenye umbo kama la CR123A ni hatari: baadhi zikijaa hupita volti 4 na zinaweza kuunguza kihisi. Unapobadilisha, toa ya zamani, bonyeza swichi ya kifuniko mara kadhaa ili chaji iliyobaki kwenye kapasita iishe, ndipo uweke mpya. Ukiharakisha, kihisi kinaendelea kuripoti betri dhaifu, nawe unairudisha dukani betri isiyo na kosa.

"Inalia usiku au mchana, na hakuna mtu"

Andika saa za matukio kwenye mstari mmoja. Nyumba moja ilikuwa inalia alasiri, saa tisa na robo, siku nyingine saa tisa na nusu, na wiki baada ya wiki saa inasogea kidogo. Mwizi hasogei hivyo. Jua ndilo husogea hivyo. Lilikuwa linapita dirishani na kugonga zulia mbele ya kihisi. Mawingu yakija na kuondoka, zulia linapoa na kupata joto, na kihisi cha mwendo kazi yake ni kuona mabadiliko ya joto katika eneo kinalolitazama. Nilikigeuza kitazame ukuta wa pembeni, kelele zikaisha.

Ikiwa saa hazina mpangilio, fungua kifuniko uangalie buibui. Mdudu juu ya lenzi, kwa kihisi, ni jitu. Pazia linalopeperushwa na feni, paka anayepanda kabatini na kuwa juu ya eneo la chini ambalo kihisi huwasamehe wanyama, puto la sherehe lililoachwa likielea: vyote nimevikuta.

Na kisipoona? Angalia urefu, mita 2.1 hadi 2.4 kwa vingi. Angalia kama mtu anakuja moja kwa moja kukielekea. Hapo ndipo kinapokuwa kipofu zaidi, kwani kinapenda anayekatiza. Angalia kabati lililohamishwa. Kioo pia hakipitishi joto la mwili, kwa hiyo kihisi cha ndani hakimwoni aliye nje ya dirisha. Chumba chenye joto linalokaribia la mwili nacho kinamficha mtu, maana tofauti ndiyo inayosomwa.

Vihisi vya mlango ni sumaku na vijiti viwili vya chuma ndani ya kichupa cha kioo, kifaa ambacho Walter Ellwood alikibuni katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936, na hakijahitaji kubadilishwa sana. Kosa lake ni nafasi. Mbao zinavimba kwa unyevu, bawaba zinalegea, sumaku inabaki mbali kwa milimita chache za kutosha kusumbua upepo ukivuma. Sukuma mlango uliofungwa kwa bega huku mwenzako akitazama paneli.

"Simu haipati taarifa"

Hili ni fupi. Ruta imebadilishwa au nywila yake imebadilishwa. Au paneli inajua masafa ya GHz 2.4 tu na ruta mpya imewekwa kwenye GHz 5. Au simu yenyewe inaibana programu ili kuokoa chaji. Kama wengine wanapata taarifa na wewe hupati, ni simu yako.

Ukishamaliza, waite wote wenye namba wapange mstari mbele ya kibao, kila mmoja atege na kutegua kwa namba yake, na wewe ukiweka alama kwenye daftari: Mtumiaji 02, jina, ametega, ametegua. Atakuwepo mmoja atakayechomoa kikaratasi kwenye pochi, kimeandikwa namba na juu yake neno "alamu". Mbadilishie namba palepale, kabla hajakikunja.